Bukavu: Jengo la kale si duka la sentineli, na picha ya arusi si kosa

BUKAVU – Mtu anayesimama barabarani na kutazama ukuta hajaiba kitu. Kila mkaaji wa Ibanda, Kadutu na Bagira anakubali hilo siku tano za kazi. Jumamosi linasahauliwa. Bibi arusi akishuka kwenye gari na kupanda ngazi za jengo la kale kwa ajili ya picha, mlango unafunguliwa kidogo na sentineli anatoka, mkono mmoja mfukoni, wa pili umenyooshwa. «Hapa hawapigake foto bure.» Hakuna bei iliyoandikwa mahali popote, hakuna risiti, na hakuna anayeweza kusema pesa hiyo inaingia katika sanduku gani. Bei inapanda kufuatana na urefu wa shela na hesabu ya magari ya kortege. Mara nyingine mtu wa usalama naye anasogea na kuuliza ruhusa ya kupiga picha, na ruhusa hiyo, ajabu, huwa inapatikana palepale ndani ya mfuko wa bwana arusi.

Watu wamezoea. Wasimamizi wa arusi siku hizi wanatenga kabisa bahasha ndogo ya trakaseri, pamoja na bahasha ya mpiga picha na ile ya wapishi. Kuzoea huko ndiko kunakostahili kupingwa, kwa sababu jambo lenyewe ni kubwa kuliko noti chache zinazobadilisha mikono kwenye ngazi.

Majengo yanayozungumzwa yanajulikana. Zamani za Wabelgiji mji uliitwa Costermansville, na sehemu kubwa ya nyumba za barabara kuu, ile iliyoitwa avenue Royale na leo inaitwa avenue Patrice Emery Lumumba, zilisimama kati ya miaka ya 1930 na miaka ya 1950. Pembe zake ni za mviringo. Baraza za saruji zinazunguka kona kama ubavu wa meli, madirisha mengine ni ya duara, na mistari ya kulala imepita ukutani kutoka mwanzo hadi mwisho. Wenye elimu ya ujenzi wanauita mtindo huo Art Deco. Wakaaji wanasema tu «nyumba za wazungu». Wapiga picha wanazipenda kwa sababu zisizo na siri: ukuta mpana, ngazi za kutosha kupanga wamama ishirini wa kitenge kimoja bila mtu kumficha mwenzake, na saa kumi za mchana mwanga wa ziwa unapanda hadi pale kama taa ambayo hakuna aliyeilipia.

«Nyumba za wazungu.» Neno hilo linatumiwa na watu wa aina mbili. Wa kwanza ni wale wanaosema: si zetu, acheni zianguke, tujenge za kwetu za orofa na vioo. Wa pili ni wale wanaolinda mlango. Hawa wawili hawapendani, lakini wanakubaliana bila kujua kwamba mtoto wa Kadutu hana haki mbele ya ukuta ule.

Basi ni vema kuuliza nani aliujenga. Mzungu alichora ramani na kutia sahihi. Mawe yalibebwa na nani? Udongo wa matofali ulikanyagwa kwa miguu ya nani, na nani alipanda juu ya miti iliyofungwa kwa kamba kupiga plasta chini ya jua? Watu wa Kabare, Walungu, Kalehe, Shabunda na kwingineko, wengine kwa mshahara mdogo, wengine kwa kazi ya kulazimishwa iliyokuwa sheria ya utawala ule. Na wakisha kumaliza ukuta, hawakuruhusiwa kuukalia. Katika miji ya Kongo ya Wabelgiji mtaa wa weupe na mtaa wa weusi ilitengwa, na usiku mtu mweusi hakuzunguka katika mtaa wa weupe bila karatasi mkononi. Fundi aliyejenga baraza alikuwa na haki ya kuiona mchana, akipita, akiwa na kazi ya kufanya huko.

Leo mjukuu wa fundi yule, amevaa nguo nyeupe ya kukodi, anapanda ngazi zilezile pamoja na mume wake, shangazi zake na wapiga vigelegele. Hilo si jambo la majivuno tu, ingawa majivuno yamo, na kwa nini yasiwemo siku ya arusi? Jamaa inakaa mahali ilipokatazwa kukaa. Anayesimama mbele yake na kudai pesa ili aingie, hata kama ni mweusi kama yeye na anakaa naye avenue moja, anafanya kazi ya mlango wa mkoloni, na anaifanya bila hata karatasi ambayo mkoloni alikuwa nayo.

Hapa ni lazima kutenganisha mambo ili ubishi usiwe wa bure. Nyumba ya mtu binafsi ni yake. Akitaka kufungua bustani yake kwa maarusi na kuweka bei, aandike bei, atoe risiti, alipe kodi. Hiyo ni biashara kama nyingine, na ziko bustani kando ya ziwa zinazofanya hivyo. Kanisa lina taratibu zake, na padri akisema picha zisipigwe wakati wa Misa ana haki. Kambi ya Saio na mpaka wa Ruzizi hazipigwi picha na kila mtu anaelewa sababu. Kinachopingwa ni ada isiyo na jina inayotozwa mbele ya majengo ya umma, na hata upande wa pili wa barabara, kwa sababu tu ukuta unaonekana ndani ya picha. Kuna mpiga picha gani wa mji huu ambaye hajawahi kuambiwa afute picha alizopiga akiwa amesimama juu ya barabara? Katazo la zamani za Mobutu, wakati kamera ilifanya mtu ashukiwe kuwa mpelelezi, limebaki hai katika vichwa vya watu ambao hata hawakuzaliwa wakati ule.

Lakini pesa ya sentineli siyo shida kubwa zaidi. Kuna swali ambalo haliulizwi mara nyingi: nani anafaidika ikiwa majengo haya hayapigwi picha?

Anayetaka kujua jengo fulani lilikuwaje miaka ishirini iliyopita, hapa Bukavu, aende wapi? Faili za ofisi ziliporwa, zikaloa au zikachomwa. Mji huu umeingiwa na majeshi mara nyingi: mamluki wa Schramme waliushika kutoka Agosti hadi mwanzo wa Novemba 1967 na kuuacha umetobolewa kwa risasi, halafu Oktoba 1996, Agosti 1998, Juni 2004, Februari 2025. Baada ya kila safari kuna karatasi zilizopotea. Kumbukumbu iliyobaki imelala ndani ya albamu za arusi, juu ya kabati za wamama, zimefungwa kwa plastiki. Hakuna aliyekusudia iwe hivyo. Kila Jumamosi, mwaka baada ya mwaka, wapiga picha wamesimamisha maarusi mbele ya kuta zilezile, kwenye ngazi zilezile, karibu saa ileile. Wao walikuwa wanaangalia uso wa bibi arusi. Nyuma yake jengo nalo lilikuwa linapigwa picha.

Chukua albamu tano za jamaa moja na uzipange. Katika picha ya mama mkubwa, baraza ni nzima. Katika ile ya mtoto wa kwanza kuna ufa mwembamba juu ya dirisha; ni baada ya tarehe 3 Februari 2008, Jumapili ile ya tetemeko la ardhi ambalo kila mtu wa Bukavu anakumbuka alikuwa wapi. Katika ya mtoto wa pili dirisha la duara limezibwa kwa matofali. Katika ya tatu bustani imekwisha, kuna ukuta wa bloku na mlango wa chuma wa duka. Na picha ya mwisho haikupigwa pale kabisa, kwa sababu sentineli alikuwa na amri ya kutokuacha mtu asogee. Hivi ndivyo jengo linavyokufa katika mji huu. Haliangushwi siku moja mbele ya watu. Linamegwa kidogo kidogo nyuma ya ukuta: leo karaji, kesho nusu ya parseli, kesho kutwa paa linaondolewa «kwa ajili ya matengenezo» na mvua ya Bukavu inamaliza kazi. Anayemega hapendi kamera. Anamwambia sentineli awafukuze, na sentineli, ambaye mshahara wake ni mdogo au haupo, anaona ni afadhali kuwatoza kuliko kuwafukuza. Kwa sababu hiyo haifai hasira yote imwangukie yeye. Aliyemweka mlangoni bila mshahara ndiye anayestahili kuulizwa.

Sheria siyo kwamba haipo. Tangu tarehe 15 Machi 1971 Kongo ina sheria namba 71-016 kuhusu ulinzi wa mali ya utamaduni. Inaruhusu jengo lenye thamani ya historia au ya sanaa kuandikishwa na Serikali, na likisha kuandikishwa halibomolewi wala halibadilishwi bila kibali. Zaidi ya miaka hamsini imepita. Ni mkaaji gani wa avenue Lumumba amewahi kuona kibao kwenye jengo lake kikisema mwaka lilipojengwa na kwamba linalindwa? Kongo ina maeneo matano katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, na yote matano ni mapori na wanyama: Virunga, Garamba, Kahuzi-Biega, Salonga na hifadhi ya Okapi. Mwaka 2021 rumba nayo ilitambuliwa kama urithi, pamoja na ndugu wa Brazzaville, na watu walicheza. Ni vizuri. Sokwe wa Kahuzi, mwendo mfupi kutoka Bukavu, ana karatasi yake tangu 1980. Nyumba iliyojengwa na mikono ya watu haina.

Huko Lubumbashi wameelewa mapema kwamba picha ya jengo la zamani inaweza kuwa swali. Sammy Baloji, mtoto wa mji ule, alichukua picha za kale za wafanyakazi weusi wa migodi, waliopigwa na wakoloni kama mtu anavyopiga picha ya chombo cha kazi, akazibandika juu ya picha mpya za viwanda vilivyokufa. Anayetazama anaona watu na ukuta pamoja, na hawezi tena kusema ukuta ule ni wa wazungu peke yao. Chama cha wasanii wa huko kinaitwa Picha, kwa Kiswahili. Wapiga picha wa arusi wa Bukavu wanafanya jambo la jamaa moja na hilo bila kujiita wasanii, na wanalipishwa kwa kulifanya.

Sasa litakuja pingamizi ambalo lina uzito: watu wamekimbia vita, wamelala kwenye madarasa na katika jamaa za kupokea, watoto hawajala, na huyu anazungumza picha za arusi? Aulizwe basi aliyekimbia mwenyewe. Wamama waliotoka upande wa Kalehe, Minova au Shabunda wakiulizwa walipoteza nini, wataje mbuzi, mbegu, nyumba, na kabla ya mazungumzo kwisha watataja picha. Nyumba ikiteketea, kitanda kinaweza kununuliwa tena. Uso wa marehemu baba akiwa amevaa suti siku ya arusi hauuzwi sokoni Kadutu. Wengi waliobaki na picha wamebaki nayo kwa sababu ndugu mmoja aliitumia kwa simu zamani, na leo inazunguka kutoka Panzi hadi kambi ya Nyarugusu kule Tanzania na Nakivale kule Uganda, imefifia kwa kutumwa mara nyingi, lakini ipo. Na ndani ya picha hiyo, nyuma ya mabega ya maarusi, kuna kanisa la parokia au nyumba ya shefu ambayo huenda haisimami tena. Hakuna anayehitaji picha ya arusi na ukuta wake kuliko mtu asiyejua kama atarudi kuuona.

Tena waliokimbia wanaoana. Vita havizuii jambo hilo. Vijana waliokuwa na ahadi kijijini wanafunga ndoa katika mji uliowapokea, mbali na kanisa lao, mbali na mti ambao chini yake wazee wangekaa kupokea mali ya bibi arusi. Wanatafuta ukuta wa heshima wa kusimama mbele yake ili picha itakapofika kwa mjomba kambini, asione turubai. Hao ndio wanaoumizwa kwanza na ada ya mlangoni. Mtoto wa tajiri atalipa na kucheka. Aliyekimbia atageuka, na picha ya maisha yake itapigwa mbele ya geti la chuma.

Hata hivyo maarusi na wapiga picha wenyewe hawana mikono safi, na ni vibaya kuwatetea kama malaika. Kortege inafunga barabara yote kwa ajili ya picha moja, mgonjwa yuko ndani ya teksi nyuma anangoja. Vijana wanapanda juu ya baraza lenye ufa ambalo fundi yeyote angewakataza. Moshi wa rangi unawashwa karibu na ukuta na doa linabaki mwaka mzima. Wengine wanavunja tawi la maua ya mwenyewe, na wanashangaa wakifukuzwa safari nyingine.

Na kuna jambo baya zaidi. Mara nyingi vita vikikaribia, jamaa zinazokimbia zinapokewa kwanza katika majengo haya makubwa ya kale: shule, kumbi za parokia, nyua za kanisa. Ngazi ambazo Jumamosi zinapangwa wamama wa kitenge ndizo ambazo Ijumaa usiku watoto walilala. Anafika mpiga picha, anaona nguo zimeanikwa kwenye ukingo wa baraza, sufuria juu ya mawe matatu, watoto wanatazama. Anapiga kofi: toeni nguo, sogezeni watoto, wanaharibu picha. Mama aliyetembea siku tatu anakusanya kanga zake mbichi na kujificha nyuma ya jengo ili picha itoke safi. Hapo mpiga picha amekuwa sentineli. Na picha yake itasema uongo: itasema mwaka ule, mwezi ule, ngazi zilikuwa tupu na mji ulikuwa katika raha.

Ziko njia nyingine, na wapo wapiga picha wenye adabu wanaozifuata. Mtu anasalimia kwanza. Anauliza. Anageuza kamera upande wa pili wa jengo. Au mama mwenye kanga anakaribishwa kupiga vigelegele, jambo ambalo wamama hawakatai, na watoto wanasimama mbele kama watoto wa arusi yoyote. Akiona hataki kuonekana, kwa sababu kuna wanaotafutwa na waliowafukuza, haonekani. Hiyo ni haki yake na haijadiliwi. Na mtoto aliyepigwa picha apewe yake, hata ndogo. Huenda ndiyo picha ya kwanza anayomiliki tangu alipokimbia.

Kuhusu ada, jibu la wenye kuitetea linajulikana: pesa inasaidia kutunza jengo. Ikiwa ni kweli, mambo ni mepesi. Bei iandikwe mlangoni kwa franka za Kongo, Kiswahili na Kifaransa. Kila anayelipa apate risiti yenye muhuri. Mwisho wa mwaka watu waonyeshwe bati lililonunuliwa na dirisha lililotengenezwa. Waliokimbia na wenye kupiga picha kutoka barabarani wasilipe kitu. Anayekataa masharti hayo aache kutaja matengenezo. Mvua inayopita katika paa la majengo yale imeshamjibu. Na mwenye kushika muhuri wa mji, awe nani, kwa maana wenye muhuri wamebadilika mara nyingi kuliko milango, anaweza kuandika barua ya ukurasa mmoja inayosema mbele ya jengo la umma picha ya arusi haihitaji ruhusa. Barua hiyo haihitaji msaada wa kutoka nje wala semina hotelini.

Kazi nyingine haingoji barua ya mtu. Jamaa zenye albamu zizishushe kabatini kabla ya panya na unyevu. Nyuma ya kila picha, kwa kalamu isiyo na wino mwingi, iandikwe mwaka, jina la avenue na jengo linaloonekana, na kama linajulikana, jina la babu aliyefanya kazi pale. Halafu ipigwe tena kwa simu, mbele na nyuma, itumwe kwa ndugu wawili wanaokaa miji tofauti. Na maarusi wapya wakumbuke kupitia komine kuandikisha ndoa na kuchukua cheti chao, kwa sababu siku ya kudai parseli au urithi hakimu ataomba cheti kabla ya albamu. Mpiga picha naye, akisha kumaliza mabusu na mapete, amwombe bibi arusi asogee hatua mbili kushoto, apige ukuta mtupu mara moja, ufa na yote, na kuhifadhi.